Funza kutoka Magharibi, Jina kutoka Mashariki

Katika mguu wa mbele wa kulia nilitoa funza kumi na mmoja. Wa kushoto ulikuwa na saba. Ya nyuma sikuihesabu tena, kwa sababu taa ilianza kuishiwa mafuta na mtoto aliyenishikia mbwa alikuwa amesinzia. Kazi hiyo haitaki haraka. Unaosha unyayo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, unaipitisha ncha ya pini motoni, unatafuta doa jeusi katikati ya uvimbe mweupe, kisha unazunguka pembeni yake polepole bila kupasua kifuko cha mayai. Funza akitoka mzima, mweupe kama punje ya mtama, unamtupa kwenye makaa naye anapasuka "ta!". Akipasukia ndani, umemwachia mgonjwa usaha. Tundu linalobaki unalijaza mafuta ya mawese. Mama yangu alinitoa funza hivyo hivyo nilipokuwa mtoto, Lubunga, ng'ambo ya Mto Kongo, na wakati ule mpiga kelele nilikuwa mimi. Mbwa huyu hakupiga. Hakulia, hakubweka, hakunguruma. Aliniangalia tu, paji la uso limejikunja kama la mzee anayesomewa hesabu ya deni.

Nilikuwa nimemtoa soko kuu la Kisangani asubuhi ile, chini ya meza ya samaki wa moshi, mvua ikinyesha. Jike, wa miezi minne hivi, kwa maana meno ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanabadilika. Rangi yake ya udongo mwekundu, kifua na vidole vyeupe, masikio yamesimama wima, mkia umejipinda juu ya mgongo kama mkono wa kikombe. Mama muuza samaki alikuwa akimpiga kwa ufagio, bila chuki yoyote, kama mtu anavyofukuza inzi. Nilipomfunga ndani ya kitenge changu aliacha kupiga, akanishangaa.

"Mama Mwalimu, ule imbwa utamupeleka wapi? Iko ya kisenji tu."

Kijana wa toleka aliyenibeba hadi nyumbani kwa baiskeli yake alinidai nauli ya watu wawili. Nililipa. Njia nzima nilikuwa nikilifikiria lile neno. Nafundisha historia kwenye sekondari, na ugonjwa wa kazi yetu ni huo: mtu anakutupia tusi, wewe unauliza limetoka wapi.

Nianze na funza, maana hao nao wana historia. Wanafunzi wangu wanaamini walikuwako tangu Adamu. Sivyo. Funza wa miguuni alivuka bahari mwaka 1872, kwa meli iliyotoka Brazili ikatia nanga Ambriz, pwani ya Angola, akiwa ndani ya mchanga wa farumi. Mchanga ulipomwagwa ufukoni, naye akashuka. Kutoka hapo alifuata njia za wapagazi na za mto, unyayo hadi unyayo, wa mtu, wa nguruwe, wa mbwa, akaivuka Kongo yote, na kufikia 1898 alikuwa ameshafika Zanzibar. Kwa miaka 26 hivi mdudu asiyefikia milimita moja aliivuka Afrika kutoka bahari moja hadi nyingine, akipanda bure.

Neno "kisenji" lilisafiri njia ile ile, ila kwa kuirudi. Lilitoka mashariki, pwani, ndani ya vinywa vya watu wa misafara ya pembe na watumwa. Huko kwao lilikuwa "mshenzi", wingi "washenzi": mtu wa bara, asiye na dini yao, asiye na kanzu, asiyejua lugha yao. Kinyume chake alikuwa mwungwana. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, tunayemjua zaidi kama Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na humo anawataja washenzi kwa wepisi ule ule ambao mtu anataja miti au mito. Hakuwa na haja ya kueleza. Mwaka 1887 Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold ilimfanya wali wa Stanley Falls, yaani wa hapa petu, na watu wake wakajenga, wakapanda mpunga, wakaoa, wakaacha watoto. Kiswahili chao kikatuota ulimini kikaitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Ukikiita hivyo, umeshawagawa watu mafungu mawili kabla hujasema neno la pili.

Vita vya miaka ya 1890 viliuvunja utawala wa watu wa pwani, Wabelgiji wakashika mji, lakini neno halikufukuzwa pamoja na wenyewe. Wazungu walilikuta tayari limenolewa wakaliokota. Lingala nayo ikalichukua, ikaliondolea ukali wa "sh", ikalivika kiambishi chake: mosenji mmoja, basenji wengi. Wote waliokaa porini wakawa basenji. Na mbwa wa porini, mbwa wa wale basenji, naye akaitwa kwa jina la wenye mbwa.

Kwa hiyo usiku ule, pini mkononi, nilikuwa nimemshika kiumbe aliyekutaniwa na bahari mbili: miguuni funza wa Atlantiki, kichwani jina la Bahari ya Hindi. Yeye mwenyewe peke yake ndiye ambaye hakutoka popote. Mbwa wa sura yake ni wa msitu huu.

Hilo nalijua kwa sababu ya babu yangu mzaa mama. Alikuwa mwindaji kando ya njia ya gari-moshi inayotoka Lubunga kwenda Ubundu, ile reli ya kilomita 125 iliyojengwa ili kuyakwepa maporomoko saba ya mto, ikamalizika 1906. Babu sikumkuta. Nilichokikuta ni kengele yake, iliyokuwa ndani ya sanduku la mama pamoja na vyeti vya ubatizo. Si ya chuma. Ni kipande cha mti kilichochongwa uwazi ndani, kirefu kama kiganja, mdomo wake mwembamba kama wa samaki, na ndani vijiti viwili vinavyogongana. Ukiitikisa haitoi mlio wa kengele ya kanisa. Inasema "ko-ko, ko-ko", kama mtu mwenye adabu anayebisha mlangoni. Pembeni kamba imeila mti hadi pamekuwa laini.

Mama alinieleza kazi yake. Mbwa wa babu hawakuwa wa kubweka. Mbwa asiyebweka porini ni faida, maana hamwamshi mnyama. Lakini ni hasara pia, kwa sababu akishaingia kichakani humwoni wala humsikii. Ndiyo maana alifungwa kengele kiunoni au shingoni. Wakati wa kwenda, babu aliijaza majani makavu ili inyamaze. Wakifika pahali pa kuwindia aliyatoa majani, akawaachia mbwa, kisha akasikiliza. Ko-ko ya polepole, mbwa ananusa. Ko-ko ya mfululizo, anafukuza, na wenye nyavu wajiweke tayari. Kimya, amekamata au amekufa. Mwindaji aliisoma nyama kwa sikio. Mbwa hodari aliweza kuingia katika mali za kukamilisha ndoa, na nyama ikigawanywa, naye alikuwa na fungu lake. Sisemi kwamba alibembelezwa. Alipigwa mateke, alilala jivuni, alikonda. Lakini alikuwa na kazi, na mwenye kazi ana mahali pake.

Wageni waliyaona hayo mapema. Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyepita nchi ya Azande mwaka 1870, kaskazini yetu, aliandika juu ya mbwa wadogo wenye mkia uliojikunja, waliofungwa kengele za mti shingoni wasipotee katika majani marefu. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilikwenda sandukuni nikaitoa ile ya babu, nikaitikisa. Miaka zaidi ya mia na hamsini, na bado inabisha hodi vile vile.

Kisha inakuja sehemu ambayo nikiifundisha darasani wanafunzi hudhani ninatia chumvi. Wazungu walileta mbwa wao huku, wakapeleka wetu kwao, na pande zote mbili mbwa walikufa. Msafiri Stanley aliondoka Uingereza mwaka 1874 na mbwa watano. Wa mwisho, aliyeitwa Bull, alikufa njiani 1876, kabla bwana wake hajauona mto huu. Wa kwetu wakatendwa hivyo hivyo. Mwaka 1895 mbwa wa Kongo walionyeshwa London kwenye maonyesho ya Crufts. Distempa, ugonjwa wa mbwa wa Ulaya ambao hawakuwahi kuukuta, ikawamaliza upesi. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alipeleka Uingereza wengine sita kutoka Sudan. Nao hawakudumu.

Aliyefaulu ni Mwingereza mwingine, Olivia Burn, aliyekuwa ameishi katika Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1937 mbwa wake walisimama Crufts na watu wakasukumana kuwaona hao mbwa wasiobweka. Mmoja aliitwa Bongo of Blean, yaani alikuwa na jina na ukoo, kama lodi. Na aina yenyewe ilihitaji jina rasmi. Wakaliandika lile walilolisikia kwa watu wa huku: Basenji.

Hebu tutulie hapo kidogo. Tusi lililotungwa na waungwana wa pwani kwa ajili ya babu zangu likaandikwa kwa herufi kubwa katika daftari la ukoo wa mbwa huko London. Mwaka 1944 likaingia katika daftari la Marekani. Miaka ya 1980 kizazi hicho kilikuwa kimezaana wenyewe kwa wenyewe hadi maradhi ya kurithi yakazidi, na mwaka 1987 na 1988 Wamarekani wakarudi hapa, wakati huo Zaire, wakapanda hadi Uele kutafuta damu mpya vijijini. Walipata mbwa kwa wanavijiji, wakaenda nao. Mwaka 2021 watafiti walichapisha ramani nzima ya urithi wa basenji mmoja jike wa Australia, aitwaye China, kwa sababu aina hii imekaa karibu na shina la mti wa ukoo wa mbwa wote. Leo huko ughaibuni mtu anamjua basenji kama mbwa wa gharama, msafi, anayejilamba kama paka. Soko kuu la Kisangani, basenji ni wa kupigwa ufagio.

Jinsi mbwa mwenye kazi alivyogeuka wa barabarani, hilo ni swali la mji. Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati ule, ilipokua, watu walitoka vijijini kutafuta kazi, na mbwa wakawafuata kwa miguu. Mjini hakuna cha kuwinda. Mtu aliweza kubadilika: alijifunza kazi ya bandarini, ya posta, ya ujenzi. Akisoma sana aliitwa evolwe, na tangu 1948 kulikuwa na kadi ya kumthibitisha kwamba amestaarabika. Patrice Lumumba, karani wa posta hapa hapa, aliomba cheti cha juu zaidi kilichoanzishwa 1952, na akakipata 1954 baada ya kukataliwa kwanza. Wakaguzi waliweza kuingia hata jikoni kwa mwombaji kuangalia anakula kwa nini na watoto wanalala wapi. Nje ya kundi hilo dogo la wenye kadi, wote waliobaki walikuwa basenji. Mbwa hakuwa na ofisi ya kuomba kadi. Kengele ikaingia sandukuni, yeye akaingia jalalani.

Na kila aliyeshika mji aliacha neno lake juu ya mbwa. Waislamu wa pwani walileta fikihi yao: chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wabelgiji na Wagiriki wa madukani walileta mbwa wa ulinzi, wakubwa, wa kubweka, waliofundishwa kumtambua mtu mweusi getini. Kwa hiyo mtoto wa Kisangani alirithi mbwa wawili: wa kuogopwa, na wa kufukuzwa. Yule wa kengele akasahaulika.

Vita navyo vilimaliza kilichobaki. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana humu mjini siku sita, kutoka tarehe 5 hadi 10, makombora zaidi ya 6,000 yalianguka na raia waliuawa kwa mamia. Sisi tulikuwa tumehamia Tshopo, karibu na daraja. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Tulipotoka chini ya kitanda siku ya saba, watu wote barabarani walikuwa wamekonda na mbwa walikuwa wamenenepa. Mama aliwatazama, akafunga mlango. Tangu siku ile hakukubali mbwa nyumbani mwake, na mimi sikumwuliza kwa nini.

Basi nilipoingia na huyu wa sokoni, nilijua nani ninayemkosea. Mama hakusema neno siku tatu. Siku ya nne alipita karibu na kikapu, akainama, akaigusa miguu. "Umeacha wawili," akasema, akaketi, akaniomba pini.

Mengine yalikuwa kazi ya kila siku. Kwanza chanjo, kabla hata ya kuhangaikia mbavu zake, kwa maana kichaa cha mbwa hakina dawa kikishaanza. Munganga wa nyama, yaani daktari wa mifugo, alimchoma sindano na kunikumbusha ninalowaambia sasa wanafunzi kila tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Louis Pasteur: ukiumwa na mbwa, kidonda kioshe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuona. Kisha dawa ya minyoo. Kisha upele, uliotaka majuma sita. Chakula kilikuwa lituma (ndizi za kupondwa) iliyobaki, vichwa vya samaki, na mchuzi usio na chumvi wala pilipili. Mbavu zikaanza kujificha. Rangi ikang'aa.

Nami nikaanza kujidai. Kila aliyepita nilimsomea historia: mnamwona huyu, hajawahi kubweka, ni basenji halisi, London wangempigia magoti. Nilikuwa nimemchagulia hata jina. Kama miaka mia na zaidi ameitwa mshenzi, mimi nitamwita Mungwana. Nililipenda sana jina hilo. Nikaenda kumwambia mzee jirani yetu, ambaye babu wa babu yake alikuja na misafara, na ambaye huswali msikitini nyakati zote tano.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwalimu," akasema, "sisi tuliwakosea watu na lile neno, nakubali. Lakini jina la baba zangu usilifunge kwenye shingo ya imbwa. Ukimwita akaja anatikisa mkia, mimi nitaitika na nini?"

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimelichukua tusi kwa mmoja nikampelekea mwingine, nikaliita somo la historia. Jioni yake mzee alimtuma mjukuu na mifupa iliyofungwa katika gazeti. Mtoto akasema babu amesimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe. Kisha mtoto huyo huyo, akimtazama mbwa anavyopenya chini ya baiskeli zilizoegeshwa ukutani, akamwita: "Toleka! Toleka!" Mbwa akageuka. Kwa Kilingala ni "tupite". Jina likaisha kutafutwa.

Siku chache baadaye, usiku wa manane, mlevi alisimama kujisaidia kwenye ukuta wetu. Toleka akasimama, manyoya ya mgongo yakainuka, akafungua mdomo akabweka. Sauti nzito, ya duka la Mgiriki. Mama alicheka kitandani hadi akakohoa. "Basenji yako hiyo," akaniambia gizani. Sikuwa na la kujitetea. Mji huu una zaidi ya miaka 140 ya meli, misafara na majeshi, na hakuna aliyepita akaacha damu ya mtu ilivyokuwa, sembuse ya mbwa. Toleka ana mkia wa msitu na koo la mlinzi. Kama sisi, tunaozungumza Kingwana cha waliotuita washenzi, na hakuna lugha nyingine ninayoipenda kuliko hiyo.

Siku hizi kengele ya babu iko shingoni mwake tukienda sokoni. Vijana wa baiskeli husikia ko-ko wakajua wapunguze mwendo. Jumamosi iliyopita tulipita kwenye meza ya samaki wa moshi. Yule mama alimtazama, akanitazama, akauliza yule imbwa ya kengele iko ya nani. Nilipomwambia ni yule yule wa chini ya meza yake, alikataa, hadi Toleka akaingia mwenyewe chini ya meza, akajilaza mahali pake pa zamani.

"Akizaa," akasema, akimtupia kichwa cha samaki, "uniwekee moja."

Nikamwambia nitamwekea, ila siku ya kuja kumchukua aje na pini.